Kifundo cha muguu kikivunjika, mambo ya kuangalia, na unyayo usiusahau

Hapa Goma tunaanguka na moto (pikipiki) kila siku, na mtu akivunjika kifundo wote tunaangalia kifundo tu. Mama mudogo wangu aliangukia mawe ya lava kule Ndosho, wakamufunga plasta akarudi nyumbani, akawa anasema unyayo ndo unamuuma zaidi, tukamwambia vumilia ni mfupa unaunga. Kumbe viungo vya katikati ya unyayo vilikuwa vimeteguka pia, tukakuja kujua plasta ilipotoka na akashindwa kukanyaga. Bado inaniuma.

Kwa hiyo pale pale barabarani, toa kiatu polepole, ikibidi kata kamba, uangalie vidole: viko na joto? anasikia ukimugusa? Bonyeza ukucha uachie, rangi inapaswa irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kama muguu umepinda na ngozi imevutika juu ya mfupa mpaka ikawa nyeupe, hiyo haingoji asubuhi, ngozi inaweza kufa ndani ya masaa, anatakiwa munganga akirudishe kiungo mahali pake haraka. Wewe usivute, na tafadhali sana usimupeleke kwa mtu wa kukanda. Funga muguu vile ulivyo na karto (boksi la karatasi ngumu) na kitenge, bila kukaza. Kama kuna kidonda funika na kitambaa safi, ukifika uliza antibiotiki na sindano ya tetanosi.

Chakula usimupe, hata akilia njaa, maana wakitaka kumulaza usingizi kwa kawaida wanataka masaa 6 bila kula.

Sasa radio, yaani picha ya mifupa (eksirei). Omba ya kifundo NA ya unyayo muzima, ya mbele, ya pembeni na ya mshazari, na kiungo kikisharudishwa wapige tena waone kama kweli kimekaa. Ukiona alama ya bluu chini ya unyayo, muonyeshe munganga kwa kidole kabisa, mara nyingi ni viungo vya katikati vimeumia, na radio ya kulala, bila kukanyaga, inaweza isionyeshe.

Wakisema operesheni ingoje wiki 1 au 2 si lazima ni uzembe, wanangoja uvimbe ushuke mpaka ngozi ianze kukunjamana, nyie inueni muguu juu ya mito. Lakini maumivu yakizidi ndani ya plasta, dawa haishiki, vidole vinakufa ganzi, rudini hata kama ni saa nane ya usiku, na pesa ya moto muiweke pembeni kuanzia siku ya kwanza.