Milima ya Kaskazini kwa mtu wa Kigoma: mambo ya kuzingatia kabla ya kukata tiketi

Ukisimama ufukweni Kigoma mjini, uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Anza na namba hiyo katika kila hesabu utakayopiga kuhusu milima ya Kaskazini, kwa sababu kutoka hapo hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni zaidi ya kilomita tano za kwenda juu, na mwili uliozoea joto la ziwa haujawahi kuzionja. Kila inapokaribia Desemba 9 vijana wa Mwanga na Ujiji hapa kwetu Kigoma huanza kuulizana nani anakwenda Kilimanjaro. Ni siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipeleka Mwenge kule juu, na hamu yao naielewa kabisa. Ila mazungumzo yenyewe huwa ya nauli na koti tu. Ninayotaka kuyasema hapa yanatakiwa kuanza wiki sita kabla ya nauli.

La kwanza ni kuchagua mlima. Wapima ardhi wana njia yao ya kusema mlima upi umejitokeza kweli: ukiwa kileleni, hesabu ni mita ngapi lazima ushuke kabla hujaanza kupanda mlima mwingine mrefu kuliko huo. Kwa Kilimanjaro jibu ni mita 5,885, karibu kimo chake chote, na duniani kote ni Everest, Aconcagua na Denali tu inayouzidi kwa kipimo hicho. Meru, wenye mita 4,562, umejitokeza kwa zaidi ya mita 3,000. Hanang wa Manyara, mita 3,420, na Loolmalasin wa nyanda za juu za Ngorongoro, unaopita mita 3,600, kila mmoja umejitokeza kwa mita 2,000 na kidogo. Hii si hesabu ya ramani peke yake. Mlima uliosimama peke yake haukupi ngazi za kuuzoea. Asubuhi uko kwenye migomba, siku ya nne uko kwenye barafu. Pia hujitengenezea mawingu yake, kwa hiyo jua la Moshi mjini halikuambii lolote kuhusu hali ya hewa ya Horombo, kituo cha kulala kule juu.

Ushauri wangu kwa mtu wa kwetu ni kuanza na Hanang. Njia ya basi letu yenyewe inakupeleka: ukitoka Nzega na Singida kuelekea Babati unapita Katesh, na mlima umesimama juu ya mji kama ukuta. Ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali na mwongozaji utavipata hapo hapo Katesh. Watu wenye miguu huenda na kurudi siku moja, siku ndefu inayoanza gizani, na maji yako yote uyabebe kutoka chini. Usiende kipindi cha mvua. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlima huo vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Ukifika pale kumbuka kwamba unapita kwenye msiba wa watu, na wenyeji wakikwambia leo usipande, usipande.

Baada ya Hanang ni Meru. Wengi huudharau kwa kuwa jirani yake ni mkubwa, na mimi nauona ndio mlima unaofundisha kuliko yote. Unaanzia geti la Momella, unalala Miriakamba kwenye mita 2,500 na ushei, kisha Saddle kwenye 3,570, na mchana wa siku hiyo unaweza kupanda Meru Mdogo, mita 3,820, ukashuka kulala. Hapo mwili unajifunza kitu ambacho darasani hakifundishwi. Utatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwani njia ya chini ni ya nyati na tembo, kwa hiyo usitangulie wala usibaki nyuma kupiga picha. Ol Doinyo Lengai ni mfupi, mita 2,962, lakini ni volkano hai, umejaa majivu yanayoteleza, na hupandwa usiku kwa kukwepa joto la bonde la Natron. Usiufanye mlima wako wa kwanza.

Sasa niseme la afya, maana hapa ndipo watu wa Kigoma na Tabora tunapotofautiana na wapandaji wengine.

Mwaka mmoja tulikuwa wanne kutoka Kigoma, tukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Usiku wa pili, Horombo, mdogo wangu alianza kutetemeka. Kila aliyekuwa pale alisema ni kimo. Akameza dawa ya kichwa, akafunikwa mifuko miwili ya kulalia, na bado meno yalikuwa yanagongana mpaka tukayasikia kitanda cha juu. Kiongozi wetu, mtu mzima wa Marangu, aliingia na tochi, akamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, akauliza, "Mmetokea wapi, wanangu?"

"Kigoma, mzee."

"Basi hii mmekuja nayo."

Kulipopambazuka akamteremsha. Kipimo cha huko chini kilionyesha malaria.

Mikoa yetu ni kati ya ile yenye malaria nyingi nchini, na vimelea huchukua wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, tangu mbu anapokuuma mpaka homa inapoanza. Mbu aliyekuuma Ujiji anaweza kukulaza Horombo. Kwa hiyo wiki tatu kabla ya safari chandarua kisikose hata usiku mmoja, hata kwenye msiba, hata ugenini. Ukijisikia vibaya, pima na umalize dozi kabla ya kwenda. Ila kipimo cha siku ya kuondoka kikisema huna, usiache tahadhari, kwa sababu vimelea huanzia kwenye ini, na huko kipimo cha damu hakivioni. Mwambie kiongozi mapema kwamba mnatoka ukanda wa malaria. Ugonjwa wa kimo huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya chakula; homa kali ya kutetemeka si dalili yake ya kawaida. Ikija, ni ya kushuka nayo na kupimwa.

Pamoja na malaria kuna siko seli, na hivi viwili vimeishi pamoja kwetu vizazi vingi. Mgonjwa wa siko seli asipande milima hii. Hewa hafifu inaweza kumletea shambulio mahali ambapo hakuna hospitali. Aliyerithi nusu tu, ambaye hana dalili na huenda hajui, naye ana hatari yake: wapo ambao wengu huumia wakifika juu sana, na dalili ni maumivu makali ubavuni upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kama kwenu kuna mtoto aliyewahi kuugua siko seli, nenda ukapime damu kabla hujalipa chochote. Mwenye presha, kisukari, pumu au ujauzito aongee na daktari, asiongee na rafiki aliyewahi kupanda.

Kimo chenyewe hakijali misuli. Kileleni Uhuru kila pumzi ina kama nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari, na wanaoanguka mapema mara nyingi ni vijana wenye nguvu, kwa kuwa wanakimbia. Ukishapita mita 3,000 inashauriwa mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Angalia vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara iko mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,700. Kila hatua ni kama mita 1,000. Ndiyo maana nakuomba uilipie siku ya sita, ile ya kulala Horombo mara mbili, hata kama itakubidi kuahirisha safari mwaka mzima ukitafuta hela yake. Ipo dawa ya kuusaidia mwili kuzoea, asetazolamaidi, lakini ni ya kuandikiwa na daktari. Kama umewahi kuvimba au kutoka vipele baada ya dawa za salfa, zikiwemo zile za malaria za zamani, mwambie. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, akachanganya maneno, akahema akiwa ameketi au akakohoa mapovu, ateremshwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mazoezi tunayo mlangoni. Miteremko inayotazama ziwa ni shule nzuri, na ukipata nafasi ya kwenda Gombe, panda kutoka ufukweni hadi mgongo wa milima na kurudi. Beba begi la kilo sita. Fanya mazoezi ya kushuka kuliko ya kupanda, maana goti hulia wakati wa kushuka. Wa Tabora, ambao nchi yenu ni tambarare, tafuteni ngazi za jengo na mzirudie mpaka mzichoke. Viatu uvivae wiki nne nzima, sokoni na kazini, hadi visahau dukani vilikotoka.

Kuhusu majira, usihesabu kwa mvua zetu. Kigoma na Tabora tuna msimu mmoja, unaoanza Oktoba au Novemba ukaenda hadi Aprili au Mei. Kaskazini wana vuli na masika, na katikati yake, Januari na Februari, sisi tukiwa kwenye matope, kwao mara nyingi ni kukavu. Muda mwingine mzuri ni Juni hadi Septemba. Mwenye shauku ya Desemba 9 aende, ila ajue iko ndani ya vuli: mvua msituni, theluji juu.

Nguo si lazima ziwe mpya. Mtumba wa Kigoma una makoti mazito ambayo huku hayanunuliwi kwa sababu ya joto, na kilichokosekana utakipata soko la Memorial pale Moshi au utakodi. Acha jinzi na fulana za pamba. Zikilowa hazikauki na zinakunyonya joto. Vaa tabaka nyembamba kadhaa za kupunguza na kuongeza. Usiku wa kilele, betri za tochi na simu zilale na wewe ndani ya mfuko, maana baridi huzimaliza. Chupa ya maji isimamishe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza juu ya maji, na mdomo ukiwa chini utaweza kunywa. Usibebe chupa za plastiki za kutupa; haziruhusiwi. Na kata kucha za miguu siku mbili kabla, fupi kabisa. Kwenye mteremko wa Mweka, wanakoshukia waliopanda kwa Machame, kila hatua inaisukuma kucha kwenye ncha ya kiatu, na iliyoachwa ndefu hurudi Kigoma nyeusi.

Hamu ya kula hupotea, kwa hiyo beba unachokipenda kweli. Dagaa wetu waliokaangwa wakakauka ni wepesi na wana nguvu. Asali ya Tabora ukiweka kwenye chai inashuka hata tumbo likikataa vingine. Mawese uyaache. Niliyapeleka kachupa mara moja, yakaganda kama kipande cha sabuni, nikayashusha kama nilivyoyapandisha. Maharage mabichi usifikirie: Kibo maji huchemka kwenye nyuzi kama 85, na hayaivi.

Kata tiketi ya kufika siku mbili kabla. Basi la kutoka huku linachosha, miguu inavimba, na kutoka stendi moja kwa moja hadi getini ni kujitafutia balaa. Kitambulisho cha Taifa kiwe mfukoni, ndicho kinachokupa ada ya raia. Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji mwenye leseni, na Marangu na Machame wamejaa.

Kisha kuna wapagazi, ambao kule wanaitwa wagumu. Mzigo wa mpagazi mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, nao hupimwa kwenye mizani getini. Punguza vyako ukiwa nyumbani. Sisi wa Ujiji na Tabora tuna sababu ya ziada ya kuliheshimu bega la mpagazi: biashara yote ya njia ya Bagamoyo ilibebwa hivyo, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Uliza kampuni yako wanalipwa kiasi gani na wanalala wapi, na bakshishi yao iweke pembeni tangu mwanzo, isiwe chenji iliyobaki.

Jambo la mwisho mlifanye mkiwa bado Kigoma, mmekaa pamoja. Kubalianeni nani atashuka na mgonjwa. Kiongozi au msaidizi wake atamteremsha, lakini ndugu mmoja ashuke naye, na asilaumiwe kwa kukosa kilele. Sisi hatukuwa tumekubaliana. Usiku ule pale Horombo tulitazamana watatu, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme, mpaka mimi nikaanza kufungasha begi.