Somo: Sindano ya kupandisha seli nyeupe, jinsi ya kuipima na kuichoma nyumbani kwa usalama

Habari zenu wapendwa wanachama wa kundi letu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya tibakemikali (dawa za saratani, nyingi kwa dripu), Dar es Salaam. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya ndugu wanaotoka hospitali na mgonjwa wao, boksi dogo mkononi, wameambiwa "mchomeni moja kila siku", na maelezo yakaishia hapo.

Mwaka jana tulimpokea mama mmoja usiku, joto 39.2, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Binti yake alikuwa amemchoma siku tatu mfululizo bila kukosa. Nikamwomba anionyeshe alivyofanya. Akatoa bomba jipya la insulini, lile jembamba lenye kifuniko cha rangi ya chungwa, analotumia baba yake mwenye kisukari, akaweka ukucha kwenye mstari wa 30. "Boksi limeandikwa uniti milioni 30, dada. Nikavuta 30."

Mstari wa 30 kwenye bomba la insulini ni mililita 0.3. Kichupa chao kilikuwa na mikrogramu 300 (ndizo hizo uniti milioni 30) ndani ya mililita 1. Kwa hiyo kila siku mama alipata mikrogramu 90, haifiki hata theluthi ya dozi yake. Alitibiwa kwa antibayotiki za mshipani akapona, lakini binti yule alilia sana, na hakustahili kulia. Hakuna aliyekaa naye chini dakika tano. Basi tukae sasa.

Dawa yenyewe ni filgrastimu (kwenye boksi utaisoma filgrastim, bila "u"). Dawa za saratani huua seli zinazozaliana haraka, na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, umejaa seli za namna hiyo. Zinazopungua kwa hatari zaidi ni nyutrofili, seli nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria. Kwa dawa nyingi hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Filgrastimu huusukuma uboho uzitengeneze upesi. Imetumika tangu 1991, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu.

Hatua ya 1: Siku ya kuanza

Usianze kabla saa 24 hazijapita tangu dripu ya tibakemikali iishe. Vilevile usiichome ndani ya saa 24 kabla ya dripu inayofuata. Ukiichoma mapema unaziamsha seli changa zizaliane wakati dawa ya saratani bado iko mwilini, nazo zitauawa. Andika kwenye karatasi saa dripu ilipoisha, ibandike mlangoni mwa friji.

Hatua ya 2: Kiasi

Hapa tutulie. Dozi ya kawaida baada ya tibakemikali ni mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni mikrogramu 300. Wa kilo 48 hesabu inatoa 240, ingawa madaktari wengi huandika kichupa kizima cha 300 kuliko kumwaga kidogo kinachobaki. Uamuzi huo ni wa daktari. Kazi yako nyumbani ni kuhakikisha alichoandika ndicho kinachoingia mwilini.

Mtego uko kwenye ujazo. Kichupa cha mikrogramu 300 kwa kawaida kina mililita 1. Bomba lililojazwa tayari kiwandani lenye mikrogramu zile zile 300 mara nyingi lina mililita 0.5 tu. Yaani dawa ya kwenye bomba ni nzito mara mbili. Mgonjwa wa mikrogramu 240 atachukua mililita 0.8 kutoka kichupani, au 0.4 kutoka kwenye bomba. Mwezi huu mmepewa kichupa, mwezi ujao duka la dawa likawapa bomba, nanyi mkaendelea na "ile 0.8 ya siku zote". Mmeona hatari ilipo?

Kwa hiyo msiondoke dirisha la dawa kabla mfamasia hajawaandikia MILILITA kwa kalamu juu ya boksi. Uniti za insulini na uniti za filgrastimu hazihusiani kabisa. Omba bomba la kawaida la mililita 1, lenye mistari ya 0.1, 0.2, na kuendelea. Kwa mtoto anayehitaji chini ya mililita 0.3, lile bomba lililojazwa tayari halipimi vizuri kiasi kidogo hivyo. Dai kichupa.

Hatua ya 3: Friji

Ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, rafu ya katikati, mbali na chumba cha barafu, ndani ya boksi lake ili isipigwe na mwanga. Isigande. Isitikiswe pia, maana ni protini, na kutikisa huiharibu. Itoe nusu saa kabla ya kuchoma ili ule ubaridi wa friji uishe, vinginevyo inauma. Usiiweke juani wala kwenye maji moto. Angalia kioevu: kiwe angavu, hakina rangi wala vipande. Kama kina ukungu, acha.

Hatua ya 4: Kuchoma

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Futa kizibo cha mpira kwa spiriti. Vuta hewa kiasi sawa na dawa unayotaka, isukume kichupani, pindua kichupa, vuta dawa. Gonga bomba kwa kidole viputo vipande juu, visukume nje, kisha tazama tena mstari. Dawa isiwe imepungua.

Inachomwa kwenye mafuta chini ya ngozi, si kwenye msuli. Tumbo ni pazuri, ila kaa sentimita 5 mbali na kitovu. Mbele ya mapaja pia, au nyuma ya mkono wa juu kama anayechoma ni mtu mwingine. Leo kushoto, kesho kulia. Pasiwe na kovu wala wekundu. Pangusa kwa spiriti, subiri pakauke. Finya ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano wima au kwa mshazari kama mgonjwa amekonda, sukuma taratibu, hesabu hadi kumi, toa. Gandamiza kwa pamba, usisugue.

Kilichobaki kichupani ni cha kutupa, kwa sababu hakina dawa ya kuzuia vijidudu. Sindano iliyotumika usiifunike tena. Itie kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likifika robo tatu lipeleke kituo cha afya.

Hatua ya 5: Thamomita

Nunua thamomita kabla ya kitu kingine chochote. Sindano hii hupunguza hatari, haiiondoi. Joto likifika 38.3 hata mara moja, au 38.0 likadumu saa nzima, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama sindano ya leo umeshachoma. Sema mlangoni: "Mgonjwa wa tibakemikali, ana homa." Vivyo hivyo kwa maumivu makali chini ya mbavu za kushoto au kwenye ncha ya bega la kushoto, kwa maana dawa hii huweza kuvimbisha wengu, na mara chache wengu hupasuka. Kukosa pumzi au uso kuvimba pia si vya kusubiri asubuhi.

Maswali ya wanachama

Mama K, Tabora: Shikamoo dada nesi. Natoka Dar kwa basi na sindano tano. Nimeziweka kwenye chupa ya chai yenye barafu. Ni sawa?

Kama boksi linagusana na barafu, si sawa, itaganda. Tumia kijisanduku cha baridi, zungushia dawa kitambaa kikavu kinene kisha barafu iwe nje yake. Ukifika ukakuta imeganda, usiichome. Mpigie mfamasia aliyekupa, kwani kila kiwanda kina masharti yake. Na kama nyumbani umeme haushikiki, zungumza na kituo cha afya cha karibu kabla hujasafiri, wakutunzie na kukuchomea wenyewe.

Abuu, Mombasa: Mke wangu akidungwa tu, kiuno na mapaja yamuuma usiku kucha. Naweza kumpa diklofenaki?

Pole sana kaka, mfikishie na yeye. Ni uboho unafanya kazi, na maumivu hayo hupungua sindano zikiisha. Paracetamol inatosha wengi, ila PIMA JOTO KWANZA, kwani itaficha homa. Diklofenaki usimpe bila daktari. Baada ya tibakemikali chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo huwa chini, na dawa hiyo huongeza hatari ya kutoka damu na kuumiza figo.

Neema: Jana nilisahau. Leo nichome mbili?

Hapana, usichome mbili. Piga simu kliniki, wakuambie uendeleeje.

Baba Jose: Mwanangu ana selimundu. Ameandikiwa hii dawa.

Baba, kabla ya kichupa cha kwanza hakikisha daktari aliyeandika anajua hilo. Filgrastimu imewahi kuleta vipindi vikali vya maumivu kwa wenye selimundu, na vifo vimeripotiwa. Usinyamaze kwa kudhani wameliona kwenye faili.

Mwanachama mpya: Mimi sina saratani. Kipimo kimeonyesha seli nyeupe ziko chini, duka la dawa limeniambia wanaweza kuniuzia.

Usinunue. Kwanza ijulikane kwa nini ziko chini. Kotrimoksazoli (Septrin) na zidovudini, dawa ya VVU, huweza kuzishusha, na baadhi ya virusi pia. Tena wako watu wengi wenye asili ya Afrika ambao nyutrofili zao ni chache tangu kuzaliwa, wala hawaugui kuliko wengine. Rudia kipimo na umwone daktari.

Dada wa Mwanza: Siku ya pili tu ya sindano seli zilipanda sana, tukaacha ili tuokoe hela. Sasa zimeshuka.

Kupanda huko kwa mwanzo ni uboho kutoa akiba iliyokuwa tayari. Bonde lenyewe, yaani seli kushuka chini kabisa, lilikuwa bado mbele. Ndiyo maana tunaendelea mpaka seli zishuke, zipande tena na kushika, na daktari aseme acheni. Pelekeni majibu yote mawili, ya zamani na ya sasa, leo hii. Kama hela ndiyo kikwazo, mwambieni wazi. Ipo pia pegfilgrastimu, ndugu yake inayokaa mwilini muda mrefu zaidi, miligramu 6 mara moja tu kwa mzunguko mmoja wa tibakemikali. Bei zake zinatofautiana, kwa hiyo mwombe mfamasia awapigie hesabu ya zote mbili kabla ya dripu ijayo.