Somo: Waridi la nyumbani linataka mkasi

Habari zenu, wapenzi wa maua. Picha nyingi mnazonitumia ni za waridi lililorefuka kama mlingoti, ua moja kileleni, chini miba mitupu. Si mbolea iliyokosekana hapo. Halijakatwa.

1. Mahali. Angalau saa 6 za jua kila siku, na la asubuhi ndilo bora maana hukausha umande mapema. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tuna joto lenye unyevu, si kama Lushoto au Naivasha, kwa hiyo usilibane ukutani. Kati ya mche na mche acha sentimita 60 hadi 90, upepo upite.

2. Shimo. Kina na upana sentimita 45. Changanya udongo na samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Mche uliobebeshwa, yaani waridi lililounganishwa juu ya shina la waridi jingine, una kifundo pale vilipoungana. Kibaki juu ya udongo.

3. Maji. Mimina shinani, asubuhi. Mengi mara mbili tatu kwa wiki ni bora kuliko kunyunyiza kila siku.

4. Mkasi. Hapa tutulie. Ua likinyauka usilinyofoe. Shuka na kikonyo hadi jani lenye vijani vitano, chungulia kwapani mwake: utaona jicho jekundu, dogo kama punje ya mtama. Chagua linalotazama nje ya kichaka. Kata mshazari, nusu sentimita juu yake, mkato uinamie upande wa pili ili maji yasililoweshe. Jicho hilo ndilo tawi lako jipya, na kwa kawaida wiki 6 hadi 8 baadaye lina ua.

Kisha mara moja kwa mwaka (mimi hufanya Juni, joto likipungua) punguza kichaka kizima kwa theluthi. Toa matawi makavu na yanayokwaruzana, katikati pabaki wazi kama bakuli. Mara ya kwanza moyo uliniuma sana. Wiki ya tatu machipukizi mekundu yalikuwa yametoka kila upande.

Maswali yenu

Dada, majani yana madoa meusi, yanageuka manjano na kudondoka.
Ni ukungu, mpenzi. Chuma yenye madoa, okota yaliyoanguka, uyachome. Usiyatie kwenye mboji, na usimwagilie juu ya majani tena.

Kuna tawi linakua kwa kasi lakini halitoi ua. Nilikate?
Angalia linatokea wapi. Likiwa chini ya kifundo, ni la shina mama, lile la chini lililobebeshwa waridi lako. Fukua udongo ulinyofoe pale pale lilipoanzia. Ukilikata juujuu litarudi.

Wadudu wadogo wa kijani wamejaa kwenye vitumba.
Vidukari hao. Wapige kwa maji ya bomba asubuhi, siku tatu mfululizo, kabla hujawaza dawa.

Waridi la shada la harusi linaota?
Laweza, ila mengi huoza. Bora umwombe jirani tawi lililomaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20. Acha majani mawili juu, chomeka nusu yake kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Usilivute kila siku kutazama mizizi.