Bata mzinga wa porini: kidari cha kukausha, miguu ya mchuzi wa nazi

Mwaka wangu wa kwanza wa kuwinda hapa Missouri, Marekani, nilimtia bata mzinga mzima ndani ya oveni, kama wenyeji wanavyompika yule wa dukani kila Novemba. Kidari kilikauka hadi kikawa hakimezeki bila maji, na miguu ilivutana kama kamba ya ngalawa. Wageni walikula wali na kachumbari, wakanishukuru kwa adabu, wakaenda zao.

Wa porini si yule wa dukani. Minofu yake haina mafuta, ametembea maisha yake yote, na dume la miaka mitatu lina kano ambazo kuku wa kisasa hajawahi kuziota. Kidari chake hakivumilii moto mrefu, miguu yake haiivi bila huo moto mrefu. Kwa hiyo mimi humgawa: kidari nakikausha, miguu naipika mchuzi, mifupa supu. Hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Kabla ya kisu

Leseni uwe nayo, kozi ya usalama wa uwindaji uwe umeipita, na ndege umripoti jinsi jimbo lako linavyotaka. Majira ya machipuko, kuanzia Aprili, wanaowindwa ni madume. Dume utalijua kwa kipi miguuni na kwa ndevu, ule mshungi mweusi unaoning'inia kifuani (majike wachache nao huota ndevu, usishangae). Nyama ya mwituni hairuhusiwi kuuzwa. Kumpelekea jirani sahani ni halali kabisa.

Kwa Waislamu wenzangu: mimi hupiga bismillahi kabla ya kufyatua, na nikimkuta bado ana roho namchinja hapo hapo. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu risasi za bunduki, hasa ndege akifa kabla hujamfikia, basi muulize shehe wako mapema, usingoje mpaka umekaa mezani.

Hatua ya 2: Mpoze upesi

Asubuhi ya Aprili inaweza kuwa na baridi ya kukufanya uvae sweta mbili, na adhuhuri ukawa unatoka jasho. Usimtembeze ndege ndani ya buti la gari huku unapita kumwonyesha kila mtu. Toa utumbo kule kule porini, mtie mfuko wa barafu tumboni, na ukifika nyumbani aingie friji, chini ya nyuzijoto 4 za sentigredi. Weka kando firigisi, ini na moyo. Firigisi ya ndege huyu hujaza kiganja.

Hatua ya 3: Kuchuna na kugawa

Kama unakausha, usihangaike na maji ya moto na kunyonyoa. Mlaze chali, pasua ngozi juu ya mfupa wa kidari, kisha vuta kwa mikono. Ngozi inatoka kama shati.

Sehemu ya juu ya kidari, karibu na shingo, dume la machipuko lina bonge la mafuta ya kimanjano, laini, linalotepetatepeta. Wawindaji wa huku wanaliita sifongo. Ni akiba yake ya msimu wa kupandana, wakati anashinda akijitutumua mbele ya majike na kula kidogo sana. Likate lote ulitupe. Mafuta ndiyo yanayochacha upesi kwenye nyama kavu.

Sasa pitisha kisu kandokando ya mfupa wa kati, ufuate mbavu kwenda chini, utoe nusu moja ya kidari, halafu nyingine. Chini ya kila nusu kuna mnofu mdogo mrefu. Huo usiukaushe. Ukaange kwa siagi, chumvi na ndimu, uwe mshahara wa mpishi. Miguu na mapaja ikate kwenye kiungo.

Kisha kazi isiyo na haraka: papasa kila kipande kwa vidole. Marisau, zile risasi ndogo ndogo za bunduki, yanapoingia mwilini huburuta manyoya ndani ya nyama, kwa hiyo ukiona kitobo chenye damu iliyovilia, fuata njia yake kwa ncha ya kisu hadi utoe chuma na unyoya. Nyama iliyovilia damu usiionee huruma.

Hatua ya 4: Vipande

Tia kidari kwenye friza saa moja hadi mbili, kishikane bila kuwa jiwe. Hapo kisu kitakata vipande vya milimita 5 au 6 vilivyo sawa. Usawa ni muhimu, maana kipande chembamba kitakuwa gome wakati kinene bado kina maji. Ukikata kukingama nyuzi za nyama, itatafunika kirahisi. Ukifuata nyuzi, utapata ile ya kuvuta kwa meno. Watoto wangu wanataka ya kwanza, mimi ya pili.

Hatua ya 5: Viungo

Kwa kilo moja ya vipande:

- sosi ya soya, nusu kikombe
- ukwaju mzito uliokamuliwa, vijiko 3 vya chakula
- sukari ya kahawia au asali, vijiko 2 vya chakula
- chumvi, kijiko 1 cha chai
- tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kijiko 1 cha chakula kila kimoja
- pilipili manga na binzari nyembamba, kijiko 1 cha chai kila moja
- pilipili ya unga kadiri ya ujasiri wako
- maji, kikombe 1

Wamarekani wengi wanatia moshi wa chupa. Mimi ukwaju unanitosha. Changanya, funika, weka ndani ya friji usiku kucha. Usiweke juu ya meza.

Hatua ya 6: Moto kwanza, kukausha baadaye

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu tumekulia kwenye vitu vya juani. Papa ng'onda hukaushwa kwa chumvi nyingi, jua kali na upepo wa bahari, na tumekula tukashiba. Lakini ndege hubeba vijidudu vya salmonela, na kibaraza cha Missouri si ufuko wa Tanga.

Mashine ya kukaushia huendeshwa kwenye nyuzijoto 60 hivi. Ungedhani nyama iliyo ndani nayo ina joto hilo. Haina. Maji yanapotoka huipoza nyama, vile vile jasho linavyokupoza wewe, na kwa saa kadhaa za mwanzo inakuwa vuguvugu tu. Vijidudu havifi. Vinakauka polepole pamoja na nyama, na vikishakauka vinastahimili joto kuliko vilipokuwa vibichi. Ndiyo maana idara ya kilimo ya Marekani inashauri nyama ya ndege ifikishwe kwanza nyuzijoto 74, ingali na majimaji yake, ndipo ikaushwe.

Mimi humimina nyama pamoja na viungo vyake vyote kwenye sufuria pana, nikachemsha kwa dakika 5 tangu mchuzi uanze kutokota. Kupima kipande chembamba kwa kipimajoto ni shida, basi kizungushe kwenye ncha ya kipimajoto kama bendeji. Kikisoma 74, epua na uchuje. Nyama itakuwa imepauka na haitamaniki. Usikate tamaa, rangi itarudi ikikauka.

Hatua ya 7: Kukausha

Panga vipande bila kugusana. Nyuzijoto 60, na uanze kukagua baada ya saa 3. Vyangu huchukua saa 4 hadi 6, siku za mvua zaidi. Huna mashine? Tumia oveni inayoweza kushuka kufikia joto hilo, vipande vikiwa juu ya wavu wa waya, mlango umeachwa wazi kidogo mvuke utoke.

Ili kujua kama tayari, toa kipande kimoja, kiache kipoe kabisa, kisha kikunje. Kionyeshe nyufa lakini kisikatike. Kikivunjika kama bisikuti umepitiliza. Kikijikunja kama mkanda bila ufa, rudisha. Kila kipande kina siku yake, kwa hiyo navitoa kimoja kimoja vinavyoiva. Kilo moja hubaki kiasi cha theluthi.

Hatua ya 8: Kuweka

Mwaka mmoja nilitia nyama kwenye chupa ikiwa bado na joto, nikafunga, nikajisifu. Baada ya siku nne kulikuwa na ukungu mweupe wenye manyoya kuliko ndege mwenyewe. Mvuke uliobaki ndani ya nyama haukuwa na pa kwenda. Siku hizi naiacha ipoe kabisa juu ya wavu, kisha naifunga. Ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kabatini, hesabu wiki 2. Itakayozidi hapo iende friza.

Miguu ya nazi

Miguu ina kano ngumu kama chelewa za ufagio. Usijaribu kuzichomoa mbichi. Chemsha miguu na mapaja kwa maji, chumvi, tangawizi na kitunguu, moto mdogo, saa 3 hadi 4. Kwenye sufuria ya presha, saa moja na robo. Ikiiva, nyama inaachia mfupa, na kano unazitoa kwa vidole, moja moja.

Kaanga kitunguu maji na nyanya, tia bizari na nyama uliyochambua, kisha tui jepesi. Tui la kopo ni zito, hivyo chukua robo tu ya kopo uizimue kwa ile supu. Likitokota dakika 10, mimina tui zito lililobaki, koroga bila kuacha lisikatike, kamua ndimu, epua. Wali mweupe.

Supu iliyosalia ndiyo ya kupikia pilau. Usiimwage ukaenda kutumia vidonge.

Firigisi

Ipasue, toa changarawe na utando wa ndani wa manjano, chemsha saa moja, kata vipande vidogo na ukaange na kitunguu na pilipili hoho. Kwangu haifiki mezani, huliwa jikoni, wima, kwa mkono.