Homa ya wiki tatu: pa kuweka probu (kichwa cha altrasaundi) kabla ya kukimbilia CT

Mgonjwa ameshameza dawa ya malaria mara mbili, amechomwa antibiotiki ya seftriaksoni, na kila jioni joto linarudi 39. Hali hii ni ya kila wiki katika wodi za Moshi na Arusha. Utafiti wa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kuwa 60.7% waliandikiwa malaria, lakini waliokuwa nayo kweli ni 1.6% tu. Brusela, leptospira na homa ya Q, maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, yalikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyokuwa yanapita bila kutambuliwa.

Kipimo cha picha hakikuambii jina la kimelea, kinakuonyesha pa kwenda kuchukua sampuli. Kwa hiyo damu ya kuotesha itangulie, kabla ya antibiotiki nyingine. Pima VVU. Mkague mgonjwa upya kuanzia kinywani hadi vidoleni, kisha piga eksirei ya kifua. Eksirei ikiwa safi, usiseme kifua kikuu hakipo. Kile cha tumboni na kwenye wengu hakionekani humo.

Sasa altrasaundi. Mgonjwa afunge saa 6 hadi 8, maana gesi ya utumbo ndiyo inayoficha tezi za limfu zilizo kando ya aota, mshipa mkuu wa damu. Anza chini ya chembe cha moyo, probu ya tumbo ikiwa imelazwa karibu bapa na kuelekezwa bega la kushoto. Mstari mweusi unaozunguka moyo ni maji. Ukiuona mbele tu, nyuma hakuna, huenda ni mafuta. Kisha angalia maji juu ya diafragma pande zote mbili, kati ya ini na figo, na nyuma ya kibofu. Kwenye aota kandamiza polepole huku mgonjwa akitoa pumzi, gesi itasogea. Tezi inayozidi sm 1.5 si ya kupuuza, hasa kwa mwenye VVU.

Wengu ndio unaopitwa haraka kuliko vyote, na ndiko jibu linakojificha mara nyingi. Mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kulia, mkono wa kushoto juu ya kichwa. Weka probu kati ya mbavu ya 9 na ya 11, nyuma ya mstari wa kwapa, avute pumzi taratibu na kuishikilia. Pumzi ikizidi, pafu linashuka na kuufunika wengu. Mwambie aitoe kidogo. Ukishauona vizuri, badilisha: chukua probu bapa ya masafa ya juu, 7.5 MHz au zaidi, na punguza kina hadi sm 5 au 6. Vidoti vyeusi vingi vya chini ya sm 1, ambavyo probu ya kwanza ilivionyesha kama wengu wa kawaida, kwa mwenye VVU vinaelekeza kwenye kifua kikuu. Wanaosahau kubadilisha probu wanaandika "wengu kawaida", na mgonjwa anapoteza wiki nyingine.

Kwenye ini, jipu la amiba kwa kawaida huwa moja, la mviringo, upande wa kulia. Lakini kwa mfugaji kutoka Ngorongoro anayeishi na mbwa, ukiona kifuko cha maji chenye vifuko vidogo ndani au utando unaoelea, usichome sindano. Huo huenda ni uvimbe wa hidatidi, na maji yake yakivuja yanaweza kumwua mgonjwa kwa mzio papo hapo.

Mnung'uniko mpya wa moyo (sauti isiyo ya kawaida) unahitaji eko, yaani altrasaundi ya moyo, kutafuta maambukizi ya vali. Eko ya kwanza ikiwa safi na shaka bado ipo, rudia baada ya siku 5 hadi 7.

Maumivu ya mgongo yenye homa yanataka MRI. Eksirei ya uti wa mgongo hubaki safi kwa wiki kadhaa wakati pingili tayari zinaliwa. Brusela hupenda kiuno, kifua kikuu hupenda zaidi pingili za kifuani.

CT ibaki kwa swali ambalo altrasaundi imeshindwa kulijibu, na iwe na dawa ya kung'arisha mishipa. Bila hiyo jipu na utumbo hufanana. Angalia kreatinini, kipimo cha figo, kwanza. Kwenye fomu usiandike "homa, chunguza tumbo". Andika: "Homa wiki 5, CRP 140, maumivu ya kiuno kushoto, hawezi kunyoosha paja, anakunywa maziwa mabichi. Je, kuna jipu kwenye msuli wa soasi?" CRP ni kipimo cha uvimbe mwilini, na soasi ni msuli wa kutoka kiunoni hadi pajani. Mtaalamu wa radiolojia atajua pa kukazia macho.