SOMO: Waini tamu ya baada ya msosi, jinsi ya kuichagua na kuinywa (wadau wa Arusha na Moshi njooni)

Habari zenu wadau. Kuna kitu kinaniuma kila nikikaa kwenye send-off au harusi huku kwetu. Ndafu imeshakatwa, MC anaita shampeni ifunguliwe, keki inapitishwa, halafu kilichomiminwa kwenye glasi ni Brut, ile ya povu isiyo na utamu. Unatafuna kipande chenye aising nene unashushia na hiyo, mdomoni inageuka chachu kama maji ya ndimu, watu wanakunja sura wanaomba soda. Waini haina kosa hapo jamani, imewekwa tu pasipo pake.

Hatua ya kwanza, kabla hujatoa hela jua sahani itakuwa na nini. Kanuni ni moja: waini iwe tamu kuliko chakula, ikishindikana basi zilingane. Ikizidiwa, ulimi unaacha kuusikia utamu wake unabaki na uchachu na ukali peke yake.

Hatua ya pili ni lebo, na hapa naomba tusiende haraka. Kwenye zile za povu, Brut ni kavu, sukari haifiki gramu 12 kwa lita, na Extra Dry nayo isikuchanganye bado ni kavu. Ya keki tafuta iliyoandikwa Demi-Sec, hiyo ina gramu 32 mpaka 50, au Moscato d'Asti ya Italia ambayo kilevi chake ni asilimia 5 na kitu tu, hata mama mkwe anamaliza glasi yake bila wasiwasi. Za Afrika Kusini ndo zimejaa supamaketi zetu: Natural Sweet inaanzia gramu 20, kwa matunda au kuinywa yenyewe iko poa ila ukiipeleka kwenye keki ya chokoleti inapotea. Noble Late Harvest ndo habari nyingine kabisa, lazima ipite gramu 50, na zabibu zake zinaachwa shambani mpaka zishikwe na kuvu anayetoboa ganda, maji yanakauka, sukari na uchachu vinabaki vimekolea humo ndani. Kuvu huyohuyo ndo anatengeneza Sauternes ya Ufaransa na Tokaji ya Hungaria. Pale Château d'Yquem inasemwa mzabibu mzima unatoa kama glasi moja tu, ndo mjue bei inatoka wapi.

Huo uchachu msiudharau, maana sukari peke yake inakinaisha. Kunywa funda, meza, tulia. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi ukatamani kipande kingine cha keki, hiyo ni nzuri. Ikibaki inanata kwenye meno tu, rudisha kabatini utapikia matunda.

Kundi lingine ni zile zenye nguvu, Port ya bonde la Douro huko Ureno na Muscadel ya Afrika Kusini. Wanaongeza spiriti ya zabibu wakati hamira haijamaliza kula sukari, hamira inakufa, utamu unabaki. Port inafika asilimia 19 mpaka 22 kwahiyo heshima iwepo.

Hatua ya tatu baridi. Nyeupe tamu inataka nyuzi 8 mpaka 12, masaa mawili matatu ya friji. Port nyekundu kwa Arusha ya mwezi wa saba haihitaji friji, mwezi wa pili Moshi mjini ipe nusu saa.

Hatua ya nne, glasi ndogo, mililita 60 hadi 75. Chupa ndogo ya mililita 375 inatosha watu watano vizuri kabisa.

Cha kula nayo: embe lililoiva na Muscat, yaani waini tamu ya zabibu zilezile za Moscato. Kashata za karanga au korosho za kukaanga na Port aina ya Tawny, hapo hutanii. Kaimati zenye shira ni tamu kupindukia, zipe Muscadel. Na jaribuni chizi yenye chumvi nyingi na Noble Late Harvest, chumvi na utamu vinapandishana.

MASWALI

Mama Njiro: Asante kwa somo. Mimi nina keki ya kipaimara ya mwanangu, wageni wengi hawajazoea waini, bajeti sio kubwa.

Jibu: Hongera mama. Chukua Moscato ya povu ya Afrika Kusini, hakikisha lebo inasema tamu, ipoze sana. Aising iwe nyepesi, ikiwa nene hata hiyo itazidiwa.

Mdau wa Kiborlon: Mkuu vipi Dompo ya Dodoma, nayo inaingia humu?

Jibu: Inaingia mkuu, ni tamu na ina nguvu, ichukulie kama Port. Angalia asilimia kwenye lebo, glasi ndogo, na karanga pembeni. Watu wanaimimina glasi kubwa ya maji halafu wanailaumu.

Sista wa Sakina: Ikishafunguliwa inakaa muda gani? Niko mwenyewe siwezi maliza.

Jibu: Dada, ya povu imalize siku hiyohiyo au kesho yake. Noble Late Harvest funga kizibo weka friji, wiki nzima inakaa vizuri. Port ya Ruby wiki mbili tatu, Tawny hata mwezi. Chupa isimame, usiilaze.