Umehamia Mbeya na hujui mtu? Tafuta kikundi cha mazoezi, anza hivi

Kwa wale mlioletwa Mbeya na kazi au chuo, na jioni unabaki geto na simu yako, tafuta kikundi cha jogging au darasa la aerobiki kabla hata hujanunua kabati. Gym unaweza kwenda mwaka mzima mkaishia kupeana salamu kwenye kioo, ila kwenye kikundi ukikosa Jumamosi mbili tu mtu anapiga simu, vipi mwenzetu unaumwa?

Kuwapata sio kazi. Wikiendi alfajiri toka barabara kubwa iliyo karibu na kwako, uwe Soweto, Mafiati au Uyole, utasikia filimbi na chenja, zile nyimbo za kuitikiana za mchakamchaka, kabla hujawaona, wafuate mpaka wanaponyoosha viungo alafu muulize kiongozi. Wakubwa wape shikamoo yao, sio unafika na earphone masikioni. Nenda na vikundi viwili vitatu kwanza, usilipie fulana siku ya kwanza hata wakikuchangamkia vipi.

Sasa unachaguaje? Mi naangalia mambo yanayotokea mazoezi yakiisha. Kama watu wanatawanyika kila mtu na bodaboda yake hiyo ni gym ya barabarani tu, ila kama wanabaki wanakunywa chai, wanataniana, wanapanga kwenda kumwona mgonjwa, hapo kaa. Na muulize mweka hazina bila aibu michango ikoje, ya mwezi bei gani, ya msiba na harusi ni lazima au hiari, maana wengine wanakimbia kikundi sababu ya michango sio sababu ya mbio. Binafsi ya msiba siioni hasara, uko mbali na kwenu, siku ukifiwa ndo hao hao watakaa na wewe mpaka basi linaondoka.

Ukitokea Dar usijishangae ukihema vibaya wiki za mwanzo, mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, mwili unazoea taratibu. Kipimo rahisi ni ile chenja yenyewe, ukishindwa kuitikia au hata kumjibu wa pembeni yako punguza mwendo, hakuna anayekudai. Mwenye presha au kisukari aongee na daktari kwanza na kiongozi ajue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani siku tatu za dakika 50 umemaliza, ongeza na ya nguvu kama push-up na skwati siku mbili.

Juni na Julai baridi ya huku haina utani, vaa sweta unaloweza kulifunga kiunoni ukishapata joto, na alfajiri bado giza so vaa rangi inayoonekana, ile barabara ya Tunduma ina malori kibao. Dada zangu, mkubaliane wa mtaa mmoja mpitiane, msitoke mmoja mmoja.

Kitu cha mwisho cha kuuliza kabla hujajiandikisha ni mvua, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili hali ya hewa inasumbua na vikundi visivyo na ukumbi vinalala, so uliza wanahamia wapi.